Mafuta, Kolesteroli na Moyo Mzito: Mwongozo wa Wiki 12 kwa Jiko la Nairobi

Mwaka juzi karatasi ya maabara iliniambia LDL yangu, ile kolesteroli inayoitwa mbaya, ni 4.3. Daktari wa kliniki moja ya mtaani aliitazama kama sekunde tano, akasema, "Punguza mafuta," akaita mgonjwa mwingine. Nami nikapunguza kweli. Sukuma wiki nikachemsha kwa maji na chumvi. Mayai nikayaacha, avokado nikaipa likizo, nyama nikaila kwa macho nikipita buchani. Kilichobaki ni ugali, kachumbari, mkate mweupe na chai ya rangi yenye sukari ya kutosha kunifariji.

Wiki ya sita Mama Achieng aliweka sufuria chini, akanitazama, akasema, "Baba Achieng, afadhali huyo kolesteroli arudi. Huyu aliyekuja badala yake hatuelewani naye."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nafokea watoto kwa sababu ya kifuniko cha chupa. Nalala saa tano, saa tisa usiku macho yako darini. Asubuhi kwenye matatu ya kutoka Umoja nakaa dirishani, sitaki hata salamu ya kondakta.

Mimi si daktari. Ni msahihishaji wa miswada, na kazi hiyo imenizoesha kutoamini sentensi kabla sijajua imetoka wapi. "Punguza mafuta" nikaifuata hadi ilikotoka, nikarudi na mpango wa wiki 12 ambao bado naufuata kwa namna fulani. Nimeuandika kwa mtu anayepika kwenye jiko la gesi la mtungi wa kilo 6, ananunua sokoni, na hana mshahara wa kula samoni.

Hatua ya 1: Pima vitu viwili kabla ya kugusa sufuria

Cha kwanza ni damu. Omba kipimo cha mafuta kwenye damu, na usiridhike na jumla peke yake. Unataka namba nne: kolesteroli yote, LDL (inayojibandika kwenye kuta za mishipa), HDL (inayorudisha mafuta kwenye ini) na triglisaridi, yaani mafuta yanayosafiri kwenye damu baada ya mlo, ambayo sukari na pombe huyapandisha haraka. Maabara za Nairobi huandika kwa milimoli kwa lita. Kwa kawaida jumla hutakiwa iwe chini ya 5.2 na triglisaridi chini ya 1.7. LDL haina namba moja ya watu wote: mwenye kisukari au aliyewahi kupata kiharusi huwekewa shabaha ya chini zaidi, na hilo ni la kuzungumza na daktari wako, si la kubishania kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Ukiwa umeshatoboa mshipa, omba pia kipimo cha tezi ya shingoni, thairoidi, kinachoitwa TSH. Ushauri huu laiti ningepewa siku ile. Tezi hii ikizembea, kolesteroli hupanda na moyo hushuka kwa wakati mmoja. Mtu huchoka bila sababu, huvaa sweta wenzake wakitoa makoti, ngozi hukauka, choo kinakuwa kigumu, kilo zinaongezeka. Anaweza kujilaumu kwa chapati miaka mitatu kumbe shida iko shingoni na ina dawa. Wingi wa damu na sukari pia vipimwe. Upungufu wa damu humfanya mtu aonekane mwenye huzuni hata kama hana la kuhuzunikia.

Cha pili ni moyo wako. Hapa wengi huruka, halafu baada ya miezi mitatu wanasema "naona kama niko sawa" bila kujua sawa kuliko lini. Kuna dodoso linaloitwa PHQ-9, lina toleo la Kiswahili na linatumika humu nchini. Maswali ni 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu, kukosa raha na mambo uliyokuwa ukiyafurahia, na kadhalika. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27. Ukipata 10 au zaidi, nenda ukaonane na mhudumu wa afya hata kama utaendelea na mpango huu. Chakula ni cha kusaidiana na matibabu.

Swali la 9 linauliza kama umewahi kuwaza kwamba afadhali ufe au ujidhuru. Ukijibu chochote zaidi ya sifuri, weka mwongozo huu chini. Piga 1199, laini ya ushauri ya Msalaba Mwekundu wa Kenya isiyotozwa pesa, au nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu nawe. Hospitali ya Mathari iko pale Thika Road, na haipokei tu wale ambao watu huwacheka kwenye vichekesho. Omena, dagaa wetu wa ziwani, watakusubiri.

Mimi nilipata 11.

Hatua ya 2: Jua kinachofika kwenye ubongo na kisichofika

Ubongo ni karibu asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini umebeba kama robo ya kolesteroli yote ya mwili. Nyingi imo kwenye ala inayofunika nyuzi za fahamu, kama plastiki inayofunika waya wa stima. Mtu akisikia hivyo huruka moja kwa moja: basi nikila mayai mengi ubongo utanona, nikiacha utanyauka. Sivyo. Kolesteroli ya kwenye sahani haivuki ukuta ulio kati ya damu na ubongo. Ubongo hujitengenezea yake mwenyewe humo ndani. Hata ile ya kwenye damu, sehemu kubwa hutengenezwa na ini, si mayai ya jana.

Hofu ya kwamba kolesteroli ikishuka roho inaharibika ilitoka wapi? Mwaka 1990 Matthew Muldoon na wenzake walijumlisha majaribio ya kupunguza kolesteroli wakakuta jambo la ajabu: vifo vya ajali, kujiua na fujo vilikuwa vingi zaidi kwa waliopunguziwa. Miaka miwili baadaye Hyman Engelberg akapendekeza kwamba huenda kolesteroli ikishuka, serotonini, kemikali ya ubongo inayohusishwa na hali ya moyo, nayo inazembea. Watafiti wakahangaika. Halafu dawa za kushusha kolesteroli zinazoitwa statini zikaja, majaribio makubwa zaidi yakafanywa, na mwaka 2001 Muldoon mwenyewe akarudi kwenye hesabu. Safari hii hakukuta ongezeko la maana. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa lile la kwanza.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu. Ni kweli kwamba tafiti kadhaa zimekuta watu wenye sonona, ule unyong'onyevu wa roho unaokaa wiki baada ya wiki, wana kolesteroli ya chini. Lakini aliyeshuka moyo hali vizuri, anapungua, na kolesteroli inapungua naye. Mkia unaweza kuwa ndio unamtikisa mbwa.

Hata hivyo, kisa changu cha sukuma ya maji si cha kipekee. Mwaka 1998 Anita Wells na wenzake huko Uingereza waliwalisha watu 20 wenye afya njema chakula ambacho asilimia 41 ya nguvu yake ilitoka kwenye mafuta. Baada ya mwezi, nusu yao wakashushwa hadi asilimia 25. Waliokatiwa mafuta ghafla walionyesha hasira na uadui zaidi. Watu 20 ni wachache mno kujengea sheria, ila nilipoisoma nilimwita Mama Achieng aje aone.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na mpango wote unaukalia: mafuta hayatoki kwenye sufuria. Yanabadilishwa aina, polepole, na yanayoyazunguka sahanini yanabadilishwa pia.

Hatua ya 3: Ikague chupa

Chukua kalamu ya wino mzito, uandike kwenye chupa ya mafuta tarehe uliyoifungua. Itakapoisha, gawanya. Yetu ya lita 1 iliisha siku 6, na tuko wanne. Hiyo ni karibu mililita 42 kwa kila mtu kwa siku, gramu 38 hivi, kama kalori 340, kabla hujahesabu nyama, maziwa wala mandazi ya kununua. Sikuamini. Nilifikiri mtoto amemwaga.

Kisha soma imetengenezwa na nini. Sehemu kubwa ya mafuta ya bei nafuu humu mjini ni ya mawese, yale ya mgando na hata mengi ya kumiminika. Mafuta ya mawese karibu nusu yake ni aina inayoganda, ile inayopandisha LDL. Alizeti ina kama asilimia 11 ya aina hiyo, kanola kama 7. Kama lebo haisomeki au unapimiwa dukani kwa kikombe, ngoja Julai. Baridi ya Nairobi ikikaza, mafuta ya mawese huanza kuweka ukungu na kushika chini ya chupa kama uji uliolala. Ya alizeti hubaki maangavu. Kipimo hiki hakina gharama, shida yake ni kwamba kinakuja mara moja kwa mwaka.

Na ukiona chupa ya mafuta ya mimea imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina kolesteroli, usilipe zaidi kwa ajili ya maneno hayo. Hakuna mafuta ya mmea yaliyo na kolesteroli ya kutajika. Ni sawa na kuuziwa maji yasiyo na mifupa.

Kinachotakiwa: wiki ya kwanza na ya pili, usibadilishe chapa wala chakula. Acha kumimina. Weka kijiko cha mezani ndani ya mkebe kando ya jiko na upime: kijiko kimoja kwa kila mtu kwa mlo wa jioni kinatosha kukaanga kitunguu, nyanya na mboga. Wiki ya tatu, chupa ikiisha, nunua ya alizeti au kanola. Kwa kuwa sasa inakaa siku 9 au 10 badala ya 6, tofauti ya bei inajilipa kwa sehemu kubwa. Mafuta ya zeituni ni mazuri, lakini kwa bei yake hapa mimi huyaachia waliobahatika.

Nazi nimeulizwa mara nyingi, hasa na jamaa wa Pwani. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yake ni yale yanayoganda. Wali wa nazi wa Jumapili uleni kwa amani. Kuweka kijiko cha mafuta ya nazi kwenye kahawa kila asubuhi ili ubongo uamke ni biashara ya watu wengine.

Hatua ya 4: Acha mafuta yaliyochoka

Simama jioni karibu na karai la chipsi au mandazi, mahali popote penye foleni ya kushukia matatu. Angalia rangi ya mafuta. Yakiwa ya kahawia kama chai ya mkandaa, yanatoa povu lisilotulia na moshi unaochoma macho, yamepikiwa siku nyingi. Kila yanapochemka upya yanazidi kuharibika na kuzalisha vitu ambavyo mishipa haivipendi. Simlaumu anayekaanga, mafuta mapya ni mtaji. Lakini si lazima niwe mimi ninayeyamalizia.

Jamaa mbaya zaidi ni mafuta yaliyohidrojenishwa nusu, yaani ya mimea yaliyogandishwa kiwandani hadi yakazaa mafuta aina ya transi. Huwa kwenye baadhi ya biskuti, keki za paketi, majarini ngumu na krimu za unga. Huko Hispania watafiti waliwafuatilia zaidi ya watu 12,000 kwa miaka kadhaa, na mwaka 2011 wakaripoti kwamba waliokula transi nyingi zaidi walikuwa na hatari ya sonona iliyo juu kwa asilimia 48 kuliko wale ambao karibu hawakuila. Ufuatiliaji wa aina hii hauthibitishi kwamba keki ndiyo iliyowaangusha. Huenda mwenye moyo mzito ndiye anayekimbilia keki. Ila Shirika la Afya Duniani linataka transi iwe chini ya asilimia 1 ya nguvu unayokula kwa sababu ya moyo ule mwingine, unaodunda, na hiyo peke yake inatosha.

Mimi nilijiwekea Ijumaa moja kwa wiki ya chipsi. Nilipojaribu kuacha kabisa nilidumu siku nne.

Hatua ya 5: Ingiza samaki, na hapa tukae kidogo

Katika mafuta yote, yanayozungumzwa sana kuhusu ubongo ni omega-3 za aina mbili: DHA, ambayo imejengwa ndani ya kuta za seli za ubongo, na EPA, ambayo husaidia kutuliza uvimbe mwilini. Zote hupatikana kwa samaki, hasa wenye mafuta. Sadini wa mkebe wanazo kwa wingi, makareli pia, yule wa baridi anayeuzwa kwenye majokofu. Tilapia tunayoipenda ni samaki mzuri wa protini lakini mafuta yake ni kidogo, na omega-3 ni kidogo vilevile. Kwa hiyo ukisema "mimi hula samaki kila wiki", swali ni samaki gani.

Omena ndiye wangu. Analiwa mzima, kichwa hadi mkia, hivyo unapata mafuta yake, mifupa yake na kila kitu. Soko la Gikomba kuna mama ninayenunua kwake tangu Achieng hajaanza shule. Siku ya kwanza ya hatua hii nilimwambia nataka omena wa kutibu kichwa. Akacheka, akaniambia, "Baba, kichwa sijui, lakini hawa hawana mchanga. Nusa."

Kunusa ndio ujuzi wenyewe. Omena mzuri ana rangi ya fedha, ananuka ziwa na jua. Aliyegeuka manjano tumboni na kutoa harufu kali ya mafuta ya taa ya zamani, mafuta yake yameoza, na mafuta ndiyo uliyofuata. Chukua kiganja ukibonyeze: akivunjika kwa mlio mkavu, vema, akijikunja kama kamba, alikaushwa vibaya.

Nyumbani mmwage kwenye sinia, toa vijiti na visivyo samaki. Osha kwa maji ya vuguvugu mara tatu, na kila mara mtoe kwa mikono badala ya kumwaga maji, ili mchanga ubaki chini. Mchemshe dakika 5 kwa maji yenye ndimu, umwage maji hayo. Uchungu na harufu vinaondoka. Sasa kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu hadi kilainike, kitunguu saumu, nyanya mbili zilizokatwa ndogo, funika hadi ziwe mchuzi. Tia omena, dakika 7 kwa moto mdogo, dhania juu. Watu wengi humkaanga kwanza hadi awe kama chipsi. Ni mtamu hivyo, sikatai, ila karai la mafuta linaondoa sehemu ya faida uliyoifuata, na chupa ya hatua ya 3 inarudi siku 6.

Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha. Asiyevumilia harufu ya omena, sadini wa mkebe juu ya ugali wa wimbi ni mlo wa dakika 10.

Wasiokula samaki wana chia, mbegu za kitani zilizosagwa na jozi. Zina omega-3 ya aina ya ALA, ambayo mwili hubadilisha kidogo sana kuwa EPA na kidogo zaidi kuwa DHA. Zina faida nyingine, nyuzinyuzi hasa. Tia kijiko kwenye uji, lakini usidhani umekula samaki.

Avokado tumebarikiwa nayo. Murang'a iko jirani, na wakati wa msimu mama mboga anakuuzia mbili kwa bei ya soda. Mafuta yake mengi ni aina ile ya zeituni, haina kolesteroli, na nusu tunda kwenye githeri hukufanya usahau kwamba githeri haikukaangwa. Karanga na makadamia nazo, kiganja kimoja kwa siku, zisizo na chumvi nyingi. Kiganja, si karatasi nzima ya kuzungusha ukitazama mpira.

Na mayai? Moja lina kama miligramu 186 za kolesteroli, zote kwenye kiini, na humo humo mna kolini, kirutubisho ambacho ubongo unakitumia. Kwa watu wengi kolesteroli ya chakula huisogeza LDL kidogo tu ukilinganisha na mafuta yanayoganda, ndiyo maana mwongozo wa lishe wa Marekani wa mwaka 2015 uliacha ile mipaka ya zamani ya miligramu 300 kwa siku. Wapo ambao damu yao huitikia zaidi, na mwenye kisukari au kolesteroli ya kurithi aulize kwanza. Mimi hula manne au matano kwa wiki, ya kuchemsha.

Hatua ya 6: Tazama kilichoingia mahali pa mafuta

Kosa langu kubwa halikuwa kuacha mafuta. Lilikuwa kujaza pengo kwa mkate mweupe na sukari. Sukari hupanda, hushuka, na saa tano asubuhi unatetemeka na kuchukia kila mtu ofisini. Triglisaridi nazo zinapanda, hivyo hata karatasi ya maabara haikushukuru.

Jaribio ninalolipenda katika eneo hili lote lilifanyika Australia, likaongozwa na Felice Jacka, likachapishwa mwaka 2017. Watu 67 wenye sonona, wengi wao tayari kwenye matibabu, waligawanywa: wengine walipata mtaalamu wa lishe kwa wiki 12, wengine wakapata mtu wa kuzungumza naye kwa muda kama huo. Katika kundi la lishe, asilimia 32 walifika mahali ambapo hawakuhesabika tena kuwa na sonona. Kundi la pili, asilimia 8. Ni jaribio dogo, na kila mshiriki alijua yuko kundi gani, kwa hiyo matumaini yenyewe yalikuwa na mkono. Lakini angalia walichobadilisha: sahani nzima. Maharagwe, mboga, nafaka zisizokobolewa, samaki, njugu, zeituni, na vitamu kupungua.

Hebu itafsiri hiyo kwa lugha ya soko la Marikiti. Githeri na ndengu mahali pa maharagwe yao. Managu, terere na kunde mahali pa mboga zao, zikiwa na kijiko cha alizeti na si maji matupu. Ugali wa wimbi na mtama, nduma asubuhi badala ya mkate. Omena. Avokado. Nyama nyekundu mara moja au mbili kwa wiki, nyama choma ikiwemo, ukiacha mafuta meupe yanayodondoka kwenye makaa yaendelee kudondoka. Ukihesabu, kikapu kizima hakizidi cha mwanzo kwa kiasi cha kutisha, kwa sababu soseji, soda na mkate vimetoka.

Pombe nitaigusa tu: inapandisha triglisaridi na inaivunja ile nusu ya pili ya usingizi. Kama unaitumia kulala, mwambie mhudumu wako hivyo hivyo.

Hatua ya 7: Vidonge vya mafuta ya samaki

Duka lolote la dawa katikati ya mji lina rafu nzima. Kabla ya kutoa pesa jua haya. Huko Marekani watu wazima 18,353 walipewa ama gramu 1 ya omega-3 kila siku ama kidonge kitupu, kwa miaka mitano hivi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: vidonge havikuzuia sonona. Kwa walio tayari na sonona hadithi ni tofauti kidogo. Wataalamu wa lishe na akili waliotoa mwongozo mwaka 2019 walipendekeza gramu 1 hadi 2 za EPA kwa siku, kama nyongeza ya matibabu na si badala yake. Kwa hiyo pindua chupa usome EPA ni kiasi gani. "Mafuta ya samaki miligramu 1,000" yaliyoandikwa mbele yanaweza kuwa na EPA miligramu 180 tu nyuma, na hapo utameza vidonge 6 kufika gramu moja.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize daktari kwanza. Mjamzito asichukue mafuta ya ini la samaki, yana vitamini A nyingi ambayo inaweza kumdhuru mtoto.

Sikununua. Nilihesabu bei ya chupa, nikahesabu ni kilo ngapi za omena.

Hatua ya 8: Dawa zako haziguswi

Kama umeandikiwa statini na umesikia kwamba zinaharibu ubongo, rudi hatua ya 2. Usiache mwenyewe. Ukiona usingizi umebadilika au moyo umeshuka tangu uanze, liandike kwa tarehe, mpelekee aliyekuandikia. Zipo aina kadhaa na anaweza kubadilisha. Upande wa pili, baadhi ya dawa za akili, olanzapini kwa mfano, hupandisha uzito na mafuta ya damu. Hiyo ni sababu ya kupimwa damu mara kwa mara, si sababu ya kuzitupa chooni.

Hatua ya 9: Daftari, na jicho la pili

Nunua daftari la kurasa 48. Kila usiku mistari mitatu: ulilala saa ngapi, moyo ulikuwaje kati ya 0 na 10, na mafuta yalitoka wapi leo. Usiandike insha, utachoka siku ya tano. Weka pia alama siku ulipotembea, ulipopata mshahara, ulipogombana, kwa sababu vitu hivyo vinasukuma moyo kuliko kijiko cha alizeti, na usipoviandika utaipa omena sifa isiyo yake.

Wiki mbili za kwanza usitegemee kitu. Kwangu usingizi ndio ulioanza kusogea, wiki ya tano. PHQ-9 ijaze tena wiki ya 4, ya 8 na ya 12. Ikipanda badala ya kushuka, usingoje wiki 12 ziishe. Damu irudie baada ya wiki 12, maabara ile ile ikiwezekana.

Na mwombe mtu mmoja wa nyumbani akuandikie upande wake. Aliyeshuka moyo ni shahidi mbovu wa nafsi yake. Mimi nilimpa Mama Achieng kurasa za nyuma, nikaahidi kutozifungua hadi mwisho.

LDL ilitoka 4.3 ikawa 3.6. PHQ-9 ilitoka 11 ikawa 5. Katika wiki hizo hizo nilikuwa nimeacha kubeba miswada ya usiku na nilianza kushuka matatu vituo viwili kabla ya nyumbani, kwa hiyo siwezi kukuambia samaki wamechukua alama ngapi kati ya hizo sita. Jumamosi ile nilifungua kurasa za nyuma. Alikuwa hajaandika maneno, ila tarehe na vijiti, kila kijiti ni mara moja niliyofoka. Wiki ya kwanza vilikuwa 14, vimefungwa vitano vitano kama hesabu ya kreti za soda. Wiki ya 12 vilikuwa viwili, na kando ya kimoja ameandika: "Hiki ni haki yake. Mtoto alimwaga mafuta kweli."